Siri Aliyoambiwa Mwesiga

Jumatano hiyo soko la Bukoba lilifurika watu. Kokugonza alisikia jina lake likiitwa kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka tisa. Akageuka ghafla, gauni lake la kitenge cha njano nusura linase kwenye mkungu wa ndizi.

"Mwesiga! Waitu jamani, umenenepa!"

"Na wewe umezidi kupendeza. Nifanyeje mimi?"

Kokugonza akacheka, na moyo ukamrudisha kijijini Buganguzi, enzi zile walipoanika kahawa pamoja uani kwao, mama yake akiwagombeza kwa kupiga soga. Siku zile zilikuwa tamu jamani!

Mwesiga sasa alikuwa akiwafundisha wanawake kutafuta kazi kwa msaada wa akili unde, mashine ya kompyuta inayotunga maandishi. Kokugonza alitamani kazi ya kusimamia ubora wa kahawa, akajiunga na darasa lake la kila Jumamosi. Kwa wiki tatu simu kati yao hazikukatika, na usiku mmoja akamweleza siri ya ugonjwa wa mama yake.

"Umekula, mpenzi?" Mwesiga aliuliza.

"Nile nini, na wewe umenishibisha maneno?"

Ikafika Jumamosi. Mbele ya wanawake kumi na wawili, Mwesiga alionyesha ukutani barua ya mfano ya kuomba kazi, iliyotungwa na mashine. Jina lilikuwa limefichwa, lakini miaka sita ya kumuuguza mama ilikuwepo, pamoja na ugonjwa wenyewe. Mwanamke mmoja wa Buganguzi aligeuka akamtazama Kokugonza. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Nilikuambia wewe, Mwesiga," alimwambia mlangoni. "Sikuiambia mashine."

"Nilitaka upate kazi, mpenzi. Nakujua tangu utotoni, nikaona..."

"Ungeniuliza!"

Kokugonza akazima simu siku nne. Alimkumbuka hadi akajichukia. Siku ya tano aliandika barua yake mwenyewe: jinsi alivyosimamia kuchuma, kuanika na kuchambua kahawa ya nyumbani mama alipokuwa kitandani. Ugonjwa hakuutaja. Mashine aliiachia kupanga aya tu, kisha akasoma kila neno.

Jumamosi iliyofuata aliipeleka darasani. Akamkuta Mwesiga amesimama mbele ya wanawake wale wale, shati jeupe limelowa jasho.

"Nilitoa siri isiyo yangu," alikuwa akisema. "Barua ile nimeifuta. Habari ya mtu haitaingia humu tena bila ridhaa yake."

Kisha akamfuata Kokugonza nje.

"Nina swali. Nikimtuma mshenga kwa baba yako, utaridhia? Ukikataa, simtumi."

Kokugonza alimtazama, machozi yakimlengalenga.

"Mtume," akasema. "Ila habari za mama, mshenga aniachie mimi."