Mashine Iliyolala

Wakati wa mavuno ya kahawa, asubuhi katika nyumba ya Kingori ilianza kwa kutafuta kofia. Kingori alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Murugi, mkewe, alikuwa mtu wa kuviona. Alimpa kofia, akampa uji, kisha wote wawili wakateremka hadi kiwanda cha kahawa chini ya kijiji cha Wamagana. Murugi alichagua kahawa mezani. Kingori alilisha mashine ya kumenya.

Mashine hiyo ilitoa ganda jekundu na kuacha mbegu. Ndani yake mlikuwa na silinda yenye meno madogo, iliyozungushwa kwa stima, yaani umeme. Kahawa haimenywi bila maji, na maji yalitoka mtoni kwa mfereji mpaka kwenye tangi. Zamani mtu mmoja alisimama juu ya tangi siku nzima akipiga kelele, washa, zima, mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka wa sabini na nne, mtu huyo hakuhitajika tena. Wamae, ndugu mdogo wa Kingori, aliifanya mashine ijiendeshe yenyewe.

Wamae alianza na redio. Akiwa shuleni alifungua redio ya mwalimu, akachapwa, kisha akaifunga tena ikaimba vizuri kuliko mwanzo. Baadaye aliajiriwa na Govind, muuza vifaa vya stima mjini Nyeri, ambaye alimfundisha kazi ya nyaya na swichi. Akarudi kijijini na kengele inayolia ng'ombe akitoka zizini. Watu walimcheka, halafu kila mmoja akataka ya kwake.

Sasa aliweka boya ndani ya tangi, kopo tupu linaloelea. Maji yakijaa, boya linapanda na kusukuma swichi, mashine inazunguka. Maji yakipungua, boya linashuka, mashine inasimama yenyewe. Watu walipiga makofi.

"Hii mashine iko na akili," Wamae aliwaambia. "Inajua maji."

Aliwaambia pia kwamba siku zinakuja atatengeneza mashine zenye macho, za kutenga kahawa nyekundu na ya kijani, na mikono ya chuma ya kubeba magunia. Murugi alimwangalia shemeji yake akajivunia kuwa wa ukoo wake.

Tangu siku hiyo, mashine iliposimama yenyewe, watu walisema imelala. Lilikuwa neno zuri, na ndilo lililowaponza. Kitu kilicholala hakitishi mtu.

Ukutani palikuwa na sanduku la swichi kubwa lenye mkono wa chuma. Ukishusha mkono huo, stima yote inakatika. Pembeni mwa sanduku palikuwa na tundu, na hakuna aliyeuliza ni la nini. Kingori alipachika msumari hapo, akawa anatundika kofia yake. Murugi alimtania kwamba hatimaye kofia imepata boma.

Siku moja mfereji uliziba kwa majani huko juu. Maji yakapungua, mashine ikasimama, na kijiwe kikawa kimekwama kwenye meno. Kingori alifungua kifuniko. Ngatia, msimamizi wa kiwanda, alimuuliza kama hapana hatari.

"Imelala," Kingori akasema, akaingiza mkono.

Huko juu, mtu mwingine alikuwa amepanda kusafisha mfereji. Alitoa majani vizuri, kwa nia njema kabisa. Maji yakaja. Murugi alisikia swichi ya boya ikigonga, tak, na kabla hajainua kichwa alisikia sauti ya mumewe. Ngatia alirukia ukuta, akashusha mkono wa swichi. Kofia ilianguka kwenye sakafu yenye maji.

Hospitalini Nyeri daktari hakuweza kuokoa kitu. Mkono wa kulia wa Kingori ulikatwa juu ya kiwiko.

Aliporudi nyumbani hakuweza kushika jembe wala kufunga vifungo vya shati. Alikaa kitandani akiutazama ukuta. Hakuuliza tena kofia. Wengine kijijini walisema ni uzembe wake. Wengine walisema mashine ina pepo. Maneno yote mawili yalimchoma Murugi.

Kisha Ngatia akaja kumwomba Murugi achukue nafasi ya mumewe. Binti yao Gathoni alikuwa shuleni, na nyumba haikuwa na mwingine wa kuitegemeza. Murugi alitazama mikono yake. Katika nyumba ile, hiyo ndiyo mikono iliyobaki. Alimwambia Ngatia atajibu baada ya kuonana na Wamae.

Wamae alikuwa amejificha mjini. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaketi karibu na mlango. Chai ilipoa mbele yake.

"Shemeji," Murugi akasema, "ulituambia ati mashine iko na akili. Ilijua mkono ya ndugu yako iko ndani?"

"Haikujua," Wamae akajibu. "Niliiwekea swali moja tu: maji iko? Kama iko, inazunguka. Swali ya mkono sikuiwekea."

"Na hizo zako za macho?"

"Hizo zitauliza maswali mingi. Lakini swali ile mimi sijafikiria, haziwezi kuuliza. Hata zikuje zikuwe na akili kutushinda, mtu akitaka kuingiza mkono, akate stima kwanza."

Kingori alizungumza kutoka kitandani. "Lakini ilikuwa imezima."

"Hapana, ndugu yangu. Haikuwa imezima. Ilikuwa inangoja maji."

Murugi aliuliza kuhusu lile tundu. Wamae alifunika uso kwa mikono.

"Ni ya kufuli," akasema. "Govind alinionyesha. Nikaona ni mambo ya watu waoga."

Kingori aligeukia ukuta.

Kesho yake Wamae aling'oa msumari, akaleta kufuli yenye ufunguo mmoja. Aliwakusanya wafanyakazi wote akawaeleza. Kwanza shusha mkono wa swichi kubwa. Tia kufuli kwenye tundu ili asiwepo wa kuupandisha. Ufunguo akae nao yule anayeingiza mkono, si msimamizi, wala usitundikwe msumarini. Halafu nyanyua boya kwa fimbo, uone kama kweli mashine imekufa. Na neno imelala alilikataza.

Ngatia alinung'unika kwamba kufunga na kufungua kutachelewesha kazi, na kahawa itaoza.

"Basi ingiza mkono yako," Murugi akamwambia.

Murugi akachukua kazi.

Hata kabla msimu haujaisha, maji yalipungua tena na jiwe likakwama. Murugi alishusha swichi, akatia kufuli, akavaa ufunguo shingoni kwa kamba. Alinyanyua boya kwa fimbo. Kimya. Ndipo alipoingiza mkono mpaka kiwiko, kati ya yale meno.

Maji yakarudi. Tak.

Wafanyakazi wote waliganda. Silinda haikusogea hata kidogo. Murugi alitoa jiwe, akatoa mkono, akakaa chini kwenye sakafu yenye maji na kulia mbele ya watu.

Wamae aliendelea na ufundi wake. Katika kila mashine aliyounda baadaye alitafuta kwanza mahali pa kufuli, na hakuna aliyemsikia tena akisema mashine ina akili.

Jioni ya siku ile alipotoa jiwe, Murugi alimsimulia mumewe yote. Kingori alinyoosha mkono wa kushoto, akaushika ufunguo uliokuwa kifuani mwa mkewe, akaugeuza polepole.

"Mama Gathoni," akasema, "kofia yangu iko wapi?"

Murugi alijua ilipo. Alikuwa ameifua na kuiweka tangu siku ile. Aliileta, akamvisha kwa mikono yake yote miwili.