Waya wa Pili wa Kiwanda cha Uru

Simu ya mezani ya Justina, karani wa kiwanda cha kahawa kule Uru, ililia mchana kweupe, na namba iliyotokea kwenye kioo chake ilikuwa ya simu hiyohiyo. Justina akacheka. Alipoipokea akasikia mtu anahema, kisha kicheko chake mwenyewe kikimrudia, kikirudi tena, kila mara kizito zaidi.

"Fundi," akanong'ona, "hebu njoo usikilize."

Fundi alikuwa Mudrik, mtu mpole wa Moshi mjini, aliyekuja asubuhi na mdogo wake Shakiru kurekebisha mtandao. Shakiru alikuwa chumba cha mashine, ng'ambo ya migomba. Kati ya ofisi na chumba hicho zilipita nyaya mbili, mmoja ukikatika mwingine ufanye kazi, na kila upande ulikuwa na swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta. Swichi hizo zina ulinzi: waya mmoja huachwa wazi, tundu la wa pili hufungwa. Nyaya zote mbili zikiwa wazi, ujumbe huzunguka bila kufika, na kila mzunguko huzaa mwingine mpaka mtandao unakufa.

Sasa Shakiru, na haraka zake, alichoka kuona ulinzi huo unaisubirisha mizani ya kompyuta kila anapoichomeka. Akauzima kwenye swichi zote mbili. Kwenye tundu lililofungwa alikuta jani la sale, mmea wa heshima wa Wachagga, limezungushwa vizuri, akalichomoa na kulitupa. Mtoto wa mjini utamwambia nini kuhusu majani!

Laiti angemuuliza Mzee Kornel, mlinzi. Waya wa pili ulichimbiwa kwenye kihamba, shamba la urithi, cha ukoo uliokwisha, juu ya makaburi, na kilichoamshwa pale kiliua wachimbaji. Wazee wakakiomba msamaha kwa sale, na kwa Wachagga anayeombwa kwa sale hakatai. Kikakubali kukaa kwenye njia iliyofungwa.

Mzee Kornel aliingia ofisini anatweta. "Nani ametoa sale?"

"Shikamoo, mzee. Sale gani?" Mudrik akauliza.

Kabla hajajibiwa, taa zote za swichi zikaanza kuwaka na kuzima kwa pamoja, harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na simu ya mkononi ya Mudrik ikaleta sauti ya Shakiru.

"Kaka! Limemtupa Sirili, yule mwendesha mashine, kwenye mkanda! Mkono umeng'oka, kaka, mkono mzima! Linazunguka, linakuja kwenu, linarudi..."

Na kweli likaja. Justina alinyanyuliwa kitini kwa nywele na kitu kisichoonekana, akabamizwa ukutani hadi meno yakamwagika sakafuni, kisha likamwachia na kwenda, na kutoka ng'ambo ya migomba wakasikia Shakiru akipigwa kwenye mabati, likarudi ofisini likiwa mawili, likamvunja Justina bega, likaenda, likarudi likiwa manne, na kila lilipopita simu zote za mezani zilicheka kicheko cha Justina, huku yeye mwenyewe akitambaa kwenye damu yake akimwita Bikira Maria.

Mudrik alisoma Ayatul Kursi. Akili yake ilikuwa kwa mdogo wake tu. Nyaya aliziona, zilikuwa hapo mbele yake, angeweza kuzichomoa zote kwa mvuto mmoja. Lakini akizichomoa, lisingebaki tundu la kulifungia jini, nalo lingeweza kubaki kule alipo Shakiru. Akiwasha tena ulinzi wa swichi ya ofisi, swichi hiyo yenyewe ingefunga tundu la waya wa pili, na jini lingekwama humu.

"Mzee, mtoe huyu dada. Funga mlango kwa nje. Hata nikilia, usifungue."

"Mwanangu, utakufa."

"Shakiru ni mtoto wa mama yangu. Toka!"

Kornel akamburuta Justina nje, akafunga. Mudrik akaunganisha kompyuta yake moja kwa moja kwenye swichi, akasubiri hadi lilipopita upande wake, akawasha ulinzi. Taa ya tundu la pili ikageuka rangi ya chungwa, ishara kwamba limefungwa, ikatulia.

Kule kwenye mashine Shakiru akaanguka chini, mzima, mbavu zinauma. Akakimbia kwenye migomba hadi ofisini. Ndani kulikuwa na kishindo, kishindo, kishindo. Alichungulia dirishani akamwona kaka yake akipigiza paji la uso ukutani, ngozi imeshafunguka, mfupa unaonekana, mdomo umefumba. Na simu zote za mezani zilikuwa zikisema kwa sauti yake:

"Shakiru, mdogo wangu, naumia. Nifungulie."

"Usifungue," alinong'ona Kornel, ameshika jani bichi la sale kwa mikono miwili. "Nakuomba kwa hili, mwanangu. Aliyekuokoa alikataza."

"Kaka yangu huyo!" Shakiru alilia. Aliokota nondo, akampiga mzee kichwani, akampiga tena hata baada ya kuanguka, akamtoa ufunguo mfukoni na kufungua.

Kishindo kikakoma. Mudrik akageuka, akamfuata mdogo wake, akamkumbatia. Shakiru naye akamkumbatia, akiomba radhi, akilia begani kwake, na ndipo alipohisi kwamba kifua alichoegemea hakipumui. Mikono ya kaka yake ikazidi kukaza, mbavu zikavunjika mmoja mmoja, haikulegea hata Shakiru alipokwisha kunyamaza.