Tarumbeta ya Nyuma ya Mlango

Mtu wa Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels, akikuambia anaijua hii habari kuliko mimi, mununulie bia anyamaze. Mimi nilikuwa jirani ya Hadassa na mama yake, ukuta kwa ukuta, Anderlecht, ghorofani, étage ya tano, na masikio yangu hayajawahi kudanganya, hata kama mdomo umeshajaribu.

Ilianza na harufu ya sambaza wabichi, dagaa wa Ziwa Kivu, kwenye nyumba ambayo haikupika samaki.

Hadassa alikuwa anafanya mazoezi ya violoni nyumbani kwa ajili ya concert ya orkestra yake, symphonie ya Mwingereza mmoja wa zamani, aliyeiandika akiomboleza vijana waliobaki kwenye matope ya vita ya kwanza. Katikati violoni zinanyamaza, na tarumbeta moja inalia nje ya salle, ukumbi wenyewe, nyuma ya mlango, kama mtu anayeita toka mbali. Nyumbani tarumbeta haikuwepo. Donc Hadassa alinyamaza tu, akahesabu, akaendelea.

Mchana mmoja, pale pa kunyamaza, mluzi ukajibu kutoka koridoo.

Mama yake, Maman Victorine, akaangusha kisu. "Ni Éliézer."

"Maman, Éliézer alizama."

"Nani alimuona? Weye ulimuona?"

Éliézer, mdogo wake Hadassa, aliyezoea kupiga mluzi hivyo, alipotelea Ziwa Kivu siku walipokimbia vita. Mwili haukupatikana, na Maman alikataa matanga. Sasa kila violoni iliponyamaza mluzi ulijibu, na kila mluzi ulipojibu Maman alifungua mlango, na kwenye sakafu kulikuwa na nyayo za mtoto, mbichi, zenye matope, na kila siku zilikuwa zimesogea karibu kidogo na kizingiti.

Hadassa akamwita Papa Burhani, Mrundi wa Bujumbura anayesomea watu dua. Alisoma, akanusa hewa, sauti ikamshuka.

"Huyu si mutoto wako, maman. Ni jini la maji. Linakaa kwenye kilio chenye hakijafanywa. Weka matanga, litaenda."

"Nilie mutoto mwenye sijaosha mwili? Bon, papa, maliza chai yako, ascenseur iko pale, ikushushe chini."

"Alors, maman, siku ya concert, tarumbeta ya kweli ikilia, utabaki nyumbani," Hadassa akanong'ona.

"Mutoto wangu apige mbele ya wazungu, mimi nibaki na televisheni?"

Hadassa akacheka, akampa tiketi.

Dimanche mchana, siku ya concert, ukumbi wa Flagey, nilikuwemo, koti la kuazima, kiti kizuri kuliko cha bourgmestre, meya mwenyewe. Violoni zikanyamaza, tarumbeta ikalia nyuma ya mlango, na nyuma ya tarumbeta ukaja mluzi, na harufu ya ziwa ikapita juu ya manukato ya watu, na Maman Victorine akasimama, akapita magoti ya watu taratibu bila kuomba pardon, na Hadassa akamuona, akamuona vizuri kabisa, lakini zamu ya violoni ilikuwa imefika, na mkono wake ukaanza kupiga.

Tulimkuta kwenye benchi, ukingoni mwa étang, bwawa la nje ya ukumbi. Amekufa, miguu imelowa hadi magoti, mikono imekunjwa kama imepakata mtoto.

Tuliweka matanga ya watu wawili. Nyimbo za kanisa, Papa Burhani akisoma pembeni. Watu wote walilia, hata mimi. Hadassa peke yake hakulia. Aligawa chai.

Harufu ikaisha. Juzi Hadassa akashika violoni tena. Akafika pale pa kunyamaza. Mluzi haukuja. Ilikuja sauti ya mwanamke, polepole, kutoka koridoo:

"Hadassa, fungua. Mudogo wako anasikia baridi."

Nilisikia kiti kikisogea. Kisha kitasa.