Macho ya Ukoo Wetu

Kila siku, baada ya kufua na kupika, Kidawa aliketi barazani akasuka ukili wa mikeka. Kijiji kizima cha Baleni kiliujua mkono wake. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alijisifu kwamba bado anatunga uzi sindanoni bila miwani.

Uani alikaa kaka yake, Shamte. Zamani alikuwa mkwezi hodari wa minazi. Alipofika miaka hamsini, macho yake yakazimika. Mama yao naye alikufa kipofu. Nyumbani walisema ni mapenzi ya Mungu, wakanyamaza.

Mwaka huo ilikuja posa ya Husna, binti wa Kidawa. Mchumba alikuwa Taufiki, kijana wa Utende mwenye adabu zake. Watu wa Utende walikuwa bado wakiuliza-uliza habari za ukoo. Kila walipokuja, Kidawa alimpeleka Shamte kwenye kibanda cha nyuma. Shamte hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Kidawa.

Siku moja mtaalamu wa macho, Safia, alifika zahanati. Kidawa akaenda kama majirani wengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kukadiria hatari yako ya kupata presha ya macho. Si presha ya damu hii. Inaharibu mshipa wa jicho, na mara nyingi haiumi. Umeshapita miaka arobaini, kwa hiyo hatari imeanza. Una kisukari?"

"Sina."

"Umewahi kuumia jicho, au kutumia dawa ya macho muda mrefu?"

"Hapana."

"Kuna mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliyepofuka?"

Kidawa akageuka. Kwenye benchi, hatua mbili tu, alikuwa ameketi Mize, shangazi yake Taufiki.

"Hakuna," akasema.

Safia akampima kwa kifaa kidogo. "Presha imepanda kidogo. Kwa majibu yako, hatari si kubwa. Urudi baada ya miezi sita."

Miezi miwili ikapita. Kidawa akaanza kupiga bega kwenye mlango. Akamwaga chai. Akakanyaga kuku.

"Kidawa," Shamte akamwita, "nasikia umejigonga mara ya tatu leo. Upande ule ule wa kushoto."

"Haraka tu, kaka."

"Mimi nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa naiona nazi ya juu kabisa, nisilione kuti lililo ubavuni. Nikasema ni haraka. Yule mtaalamu ulimwambia habari zangu?"

Kidawa akajifanya anatafuta ukili wake.

"Basi umenifuta."

"Niliogopa, kaka. Niliogopa kwa ajili ya Husna."

"Husna naye ni damu yetu. Ukinificha mimi, na yeye unamnyima tiba. Mficha uchi hazai, Kidawa."

Kidawa akalia kwa aibu. Aliona aibu kwa kaka yake, na aliyaogopa macho yake mwenyewe.

Safia alipokuja tena zahanati, Kidawa alikwenda na Shamte, mkono wa kaka begani kwake. Watu wakatazama. Akasema kwa sauti, kila mtu asikie: "Nilikudanganya. Huyu ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Ni kipofu. Na mama yetu alikufa kipofu."

Safia akaweka kalamu chini. "Basi hesabu yote inabadilika, mama. Umri wako, presha iliyopanda, mama yako na kaka yako. Ukiviweka pamoja, hatari yako ni kubwa. Ningejua, ningekupeleka hospitali siku ile ile."

"Lakini naona vizuri! Uzi natunga mwenyewe!"

"Ugonjwa huu hula pembeni kwanza, kama mkeka unaofumuka pindo. Katikati hubaki mpaka mwisho."

Hospitalini walimpima zaidi. Jicho la kushoto lilikuwa limeshapoteza uwezo wa kuona pembeni.

"Kilichopotea kitarudi?" akauliza.

"Hakirudi," daktari akasema. "Dawa inalinda kilichobaki. Utaitia kila siku, maisha yako yote."

Husna naye alipimwa. Macho yake yalikuwa mazima, ila akaambiwa apimwe kila mwaka, asingoje kuumwa.

Kidawa alikwenda mwenyewe Utende kueleza yote. Wakampokea vizuri, wakampa chai. Ningefurahi kusema kwamba walirudi kukamilisha posa. Hawakurudi. Husna alilia siku nyingi.

Siku hizi Shamte hukaa barazani, penye watu. Adhana ya magharibi ikiisha, huita: "Kidawa! Dawa."

Kidawa huinua uso, akatia tone moja kila jicho.

"Mlango uko wapi?" Shamte humuuliza.

"Uko pale pale, kaka. Bado nauona."