Turubai Lililofuliwa

Foleni ya duka la vifaa vya ujenzi pale Umbilo Road haikuwa inasogea, na Huguette, msusi, alikuwa ameshinda wima akisuka vichwa vya watu tangu asubuhi. Mbele yake kijana mrefu, ovaroli imetapakaa rangi, alikuwa amekumbatia ufagio.

"Unaenda kufagia kanisa?" akamtania.

"Naenda kuchora."

"Na ufagio? Kuchora nini?"

"Hakuna kitu. Ni mkono tu, namna moyo unasikia."

Huguette akacheka, ingawa miguu iliwaka moto. Ndivyo alivyompata Achille: mchana fundi rangi wa nyumba za Westville, jioni mchoraji wa picha zisizo na mtu wala mti, rangi tupu zinazokimbizana.

Mwaka ukapita. Jumamosi moja Huguette aliingia chumbani kwa Achille, Glenwood, akiwa hoi. Sakafuni akakuta kitambaa kikubwa chenye rangi mbichi. Akadhani ni kile Achille anachotandika kazini asichafue sakafu za matajiri. Masikini, akataka kumsaidia. Akakiloweka kwenye maji yenye jiki ya kuondoa madoa, akakisugua kwa brashi mpaka mabega yakafa ganzi.

Achille aliporudi, alikiinua kitambaa kilicholowa.

"Ile iko picha ya maonyesho, Huguette! Miezi tatu!"

"Nilizania iko ya kazi, chéri, mpenzi wangu. Unisamehe."

"Kumbe hata weye unaonaka kazi yangu uchafu."

Hilo lilimchoma. Akachukua mkoba, akaondoka. Wiki tatu Achille alipiga simu, Huguette hakupokea. Siku ya maonyesho akawa amechoka hata kukasirika, akapokea.

"Kuja tu uone," Achille akasema.

"Nimechoka, Achille."

"Miye pia. Kuja tuchoke pamoja."

Alikwenda amevaa gauni la kitenge cha njano. Ukutani kilitundikwa kile kitambaa, mzigo wake wa kufua. Rangi ilikuwa imefifia, na juu yake ilionekana michirizi ya brashi yake: hapa alikandamiza, pale mkono ulilegea. Chini yake majina mawili, Achille na Huguette.

"Sikuongeza kitu," Achille akasema. "Nilitaka kuirudilia, nikaona namna mikono yako ilichoka. Nilikukosea sana, mama."

"Unanipenda miye, ao kufua kwangu?"

"Nataka kukuoa. Lakini goti sipigi, magoti yameisha kwa sakafu za watu."

Huguette akavua viatu, akamwegemea begani, machozi yakamtoka.

"Nimekubali," akasema. "Sasa tafuta kiti, chéri."