Mgomba wa Kumi na Moja

Maiti ya Melkiory Rwegoshora ilikuwa imelala kifudifudi katikati ya migomba iliyokatwa. Shingoni kulikuwa na jeraha moja, refu, la panga. Shati lake la kijani lilikuwa limeganda damu mgongoni.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, katika kata ya Bugomora, wilaya ya Kyerwa.

"Wamemuua mume wangu, na kibanja chake cha migomba wamemfyekea!" alilia mjane wake, Adelgunda. Alikuwa amelala kwa binti yake mjini Rubwera, akarudi na bodaboda asubuhi hiyo na kuikuta maiti. "Kwa ajili ya kura! Kura tu!"

Watu wapatao mia moja walikuwa wamesimama kwenye njia. Wengine walilia. Wengi zaidi walibishana.

Inspekta Costansia Ainebyona, mpelelezi kutoka Rubwera, alivaa glavu akaingia kwenye eneo la tukio. Hakuhitaji kuuliza ni kura gani. Wilaya nzima haikuwa na habari nyingine.

Jumamosi iliyopita chama kilikuwa kimepiga kura za maoni kumpata mgombea wake wa urais. Mwaka huu kila mwenye kadi alipiga kura katika kata yake, na hapakuwa na karatasi. Mtu alisimama kwenye mstari nyuma ya picha ya anayemtaka, na jirani zake wote wakamwona. Picha zilikuwa mbili: ya Mhandisi Kisyombe na ya Profesa Mgalula. Melkiory, mwenyekiti wa tawi, alikuwa mtu wa Kisyombe.

Wiki mbili kabla ya hapo, sauti iliyorekodiwa ilikuwa imesambaa kwenye simu. Mtu mwenye sauti kama ya Kisyombe alisema kikaoni: "Wale wa mpakani nusu yao si wetu. Tuchukue kura zao kwanza, halafu tuwarudishe walikotoka." Bugomora, mahali ambapo watu wengi babu zao walitoka Rwanda na Burundi, maneno hayo yaliharibu usingizi wa watu. Melkiory aliapa kwamba sauti ilitengenezwa kwa kompyuta. Jumamosi Kisyombe akashinda Bugomora. Lakini nchi nzima kura zilikaribiana, malalamiko yakazidi, na chama kikatangaza marudio Jumapili ijayo.

"Afande!" Koplo Yustus alikuja mbio. "Vijana wa chama wamemkamata mtu. Wanamleta huku wakimpiga."

"Mtie kwenye gari kabla hawajamaliza kazi. Haraka!"

Mtu mwenyewe aliitwa Bigirimana, kibarua wa kuchuma kahawa, umri miaka thelathini. Mdomo ulikuwa umepasuka.

"Huyo ndiye!" kijana mmoja alipiga kelele. "Jana dukani alisema Melkiory atalipia uongo wake! Tuachieni huyo Mrundi!"

"Ni mtu wa Profesa!" mwingine akadakia. "Wametumwa!"

Inspekta alimhoji ndani ya gari, vioo vimefungwa.

"Ulisema maneno hayo?"

"Nilisema, afande."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alidanganya watu. Mimi ndiye niliyeleta ile sauti kwenye mkutano, nikaiweka kwenye spika watu wasikie. Nilitolewa nje kama mwizi wa kuku."

"Leo tangu alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nachuma kahawa."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Ulizaliwa Burundi?"

"Bugene, afande. Nyuma ya shule ya msingi. Baba ndiye aliyetoka Burundi." Alifuta damu kwa kiganja. "Lakini leo hata ningezaliwa kanisani ingekuwa bure, si ndiyo?"

Inspekta alishuka, simu yake ikaita: Mkuu wa Polisi Wilaya.

"Costansia, nimepigiwa na viongozi wa chama. Wanasema mtuhumiwa yupo, kauli ya vitisho ipo. Mfungulie jalada tumalize. Jumapili ni marudio, nchi inatuangalia."

"Nipe mpaka kesho, afande."

"Kesho mchana. Ukichelewa hapo, hao vijana watavunja mahabusu."

Alirudi kwenye migomba.

Baba yake Inspekta alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa kule Karagwe. Inspekta mwenyewe alikuwa ameona vibanja vilivyofyekwa kwa chuki. Mtu wa chuki huanza na mgomba wa kwanza anaoufikia, anakata mikungu mikubwa, anakata kwa urefu wa kifua chake. Hapa mambo yalikuwa tofauti.

"Yustus, hesabu iliyokatwa."

"Kumi na mmoja, afande."

"Imepangana?"

Koplo aliangalia. "Hapana. Umekatwa huu hapa, imerukwa mitatu, umekatwa ule. Na yote imekatwa chini kabisa, usawa wa udongo."

Inspekta alichuchumaa kwenye kisiki. Katikati ya mkato ulikuwa umetoka ute wa njano, kama usaha. Akaenda kisiki cha pili. Usaha. Cha tatu, usaha. Akapasua ndizi moja ya mkungu uliolala chini. Ndani ilikuwa na madoa ya kahawia.

"Mnyauko," alisema. "Yote kumi na mmoja ni migonjwa. Mizima haijaguswa hata jani."

Kulikuwa pia na moto mdogo uliozimika, hatua moja kutoka kwenye maiti. Panga la marehemu lilikuwa limeegemezwa kwenye kisiki pembeni yake. Bapa lake lilikuwa jeusi kwa moshi, halina damu.

Kila mkulima wa Kyerwa anajua kazi hiyo. Ukikata mgomba wenye mnyauko, panga lazima lipite kwenye moto kabla ya kugusa mwingine, la sivyo wewe mwenyewe unakuwa msambazaji wa ugonjwa.

"Kwa hiyo marehemu alikuwa anakata migomba yake mwenyewe," alisema Koplo.

"Na mwenzake. Tazama. Hii mitano imekatwa kwa mapigo matatu, manne, kwa mkono wa kulia. Hii sita imekatwa kwa pigo moja, na mkato unaanzia kushoto. Sasa nisaidie kuinua huu."

Waliinua mgomba uliolala karibu na maiti. Chini yake udongo ulikuwa umelowa damu iliyoganda. Upande wa chini wa mgomba ulikuwa mwekundu. Kisiki chake kilikuwa na mkato mmoja, wa kushoto.

Koplo aliupapasa udongo. "Uliangukia damu."

"Ndiyo. Melkiory alikuwa ameshalala chini. Muuaji akapitisha panga lake motoni, akakata mgomba wa mwisho, akaondoka."

"Mtu gani anaua halafu anamaliza kazi ya shamba?"

"Mtu aliyekuja kusaidia," alisema Inspekta. "Adui hakuja hapa leo."

Daktari wa wilaya alisema kifo kilitokea kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Inspekta alimsogelea mjane aliyekuwa amezungukwa na wanawake.

"Pole sana, mama. Migomba yenu ilikuwa na ugonjwa?"

"Migomba ipi? Wameifyeka!"

"Ni mnyauko, mama. Nimeona usaha."

Adelgunda alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Juzi Jumapili aliniambia majani yamelegea upande wa bondeni. Sikuwa na akili ya kumsikiliza, nilikuwa nafunga mizigo."

"Kwa mambo ya mnyauko huwa mnamwita nani?"

"Si huyo jirani yetu, mzee Ildefonsi. Ndiye aliyefundishwa na bwana shamba, ndiye anayetufundisha sisi. Mpaka wetu ni mmoja."

Mwanamke aliyemshika bega, Uwamahoro, akaingilia. "Mzee Ildefonsi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Mtu wa maana. Mimi Jumamosi nilisimama nyuma ya picha ya Kisyombe kwa sababu yake yeye. Huyo Kisyombe simjui."

"Kwa sababu yake kivipi?"

"Ile sauti ilitutisha, afande. Tulikuwa tumeamua twende kwa Profesa, wengine wabaki nyumbani. Mzee, ambaye naye babu zake walitoka ng'ambo kama wetu, akapita nyumba kwa nyumba. Kwetu aliweka mkono juu ya Biblia. Alisema, 'Melkiory ni ndugu yangu, ameniapia ile sauti ni ya uongo, na mimi nawaapia ninyi.' Basi tukaenda. Alisimama wa kwanza, sisi wote nyuma yake."

"Wangapi?"

"Jumuiya zote nne. Tulijaza uwanja."

Nyumba ya Ildefonsi ilikuwa ng'ambo ya mpaka wa miti. Mzee wa miaka sitini na tatu, mwembamba, alikuwa amekaa kwenye kigoda ananoa panga kwenye jiwe. Alinoa kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni." Alisogeza kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Inspekta alichukua punje moja, akaishika tu.

"Pole kwa msiba wa jirani."

"Tumepoa."

"Hujafika msibani."

"Nitafika. Miguu inauma."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Migomba ya jirani yako ina mnyauko. Ulijua?"

"Sikujua."

"Umepakana naye hatua ishirini, wewe ndiye mwalimu wa mnyauko wa kitongoji kizima, na hukujua?"

Ildefonsi alitazama jiwe lake la kunolea.

"Naomba hilo panga, mzee."

Bapa la panga lilikuwa safi, lina rangi ya bluu ya chuma kilichopita motoni. Mpini ulikuwa umezungushiwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama wanavyofanya wengi lisiteleze mkononi. Inspekta alitoa kisu kidogo, akakata ukanda, akaufungua taratibu. Chini ya mpira, kwenye mbao, kulikuwa na kitu cha kahawia, bado kibichi.

"Moto husafisha chuma," alisema. "Mpira haupitishwi motoni."

"Ni damu ya kuku," alisema mzee.

"Mkemia atatuambia. Tutakwenda wote Rubwera."

Kituoni walimkalisha kwenye chumba cha mahojiano. Inspekta alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema laweza kutumika mahakamani. Ildefonsi aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Saa nzima alirudia neno moja: hapana.

Nje ya uzio kelele zilikuwa zinaongezeka. Vijana walikuwa wamekuja na pikipiki kutoka Bugomora.

"Wanataka nini?" aliuliza mzee.

"Wanamtaka Bigirimana."

"Bigirimana yuko hapa?"

"Ukuta wa pili. Wamemvunja meno mawili. Wanasema Mrundi ameua kwa ajili ya kura. Nikimpeleka mahakamani atanyongwa na sheria. Nikimwachia atachomwa barabarani. Chagua, mzee."

Ildefonsi aliinama mpaka paji la uso likagusa meza.

"Huyo kijana hana kosa," alisema.

"Nani ana kosa?"

"Andika."

Koplo Yustus alichukua kalamu.

"Melkiory aliniita jana. Leo tukaanza kazi jua likichomoza. Yeye anakata, mimi nakata, tunapokezana moto. Tumefanya hivyo miaka ishirini. Tukawa tunapiga soga. Nikamwambia, 'Jumapili watu wataniuliza tena habari ya ile sauti. Niandalie maneno.' Akacheka."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Maneno gani tena? Walishakuamini, watakuamini tena.' Nikamwambia, 'Lakini si ni ya uongo?' Akasema, 'Ilde, wewe ni mtu mzima. Ile sauti ni ya Mhandisi. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile, nilikaa kiti cha tatu kutoka kwake.'"

Koplo aligeuza ukurasa, mzee akaendelea.

"Nikamwuliza, 'Na sisi je?' Akanipiga bega. Akasema, 'Wewe hutarudishwa popote. Nitasema ni wa kwangu. Hao wengine wanakuhusu nini?'" Mzee alinyanyua mkono wake wa kushoto, akautazama kama wa mtu mwingine. "Afande, niliwaapia kwa Biblia. Wajane, vikongwe. Nilisimama wa kwanza kwenye ule mstari, nikageuka nikawaona wote nyuma yangu, nikafurahi. Na Bigirimana, siku ya mkutano, aliyemshika shati akamtoa nje ni mimi."

"Ukampiga Melkiory."

"Alikuwa ameinama kupuliza moto. Nilimpiga mara moja."

"Halafu?"

"Halafu nikapitisha panga motoni, nikakata ule uliobaki."

"Kwa nini?"

Ildefonsi alimshangaa, kama mwanafunzi mkubwa ameuliza swali la darasa la kwanza. "Ulikuwa mgonjwa. Ungeambukiza kibanja chote. Adelgunda atakula nini?"

Alitia dole gumba kwenye maelezo yake saa tisa alasiri.

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa katibu wa chama.

"Afande, tumesikia mtuhumiwa amekiri. Tunaandaa taarifa. Ni wa kundi la Profesa, sivyo?"

"Hapana," alisema Inspekta. "Ni wa mstari wenu. Alisimama wa kwanza."

Simu ikakatwa.

Bigirimana alitolewa mahabusu huku taulo likiwa mdomoni. Kwenye korido alikutana na mzee Ildefonsi katika pingu, Koplo amemshika mkono. Wote wawili walisimama. Mahali pa kupishana palikuwa padogo.

"Ulisema kweli mbele ya watu," alisema mzee. "Nikakutoa kwa mkono huu."

Bigirimana alitoa taulo mdomoni. Alimtazama muda mrefu. Kisha akasogea ukutani ampishe, kama kijana anavyompisha mtu mzima.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Ildefonsi alifungua mdomo. Neno la kujibu ni moja tu, mtoto yeyote analijua. Alikaa nalo pale koridoni mpaka Koplo akamvuta, na hakulitoa.