Kitambaa Cheupe Kwenye Pembe

Saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha mpika tamale, vitafunio vya unga wa mahindi, kilinuka mvuke na majani ya mgomba. Don Wenseslao, mtu wa pwani ya Tapachula, alichora barabara kwa kidole juu ya unga uliomwagika mezani.

"Leo Comitán nzima inampelekea Mtakatifu Karalampio maua. Tajiri wa vito vya kaharabu naye anafunga duka. Eleuterio, unacheza na wacheza ngoma wa vinyago vya mashetani, unachepuka, unavunja duka, unanipa mzigo uani. Kisha unarudi ngomani mpaka kanisani. Dada yako atakuja kukuchukua huko."

Akafunga kitambaa cheupe kwenye pembe ya kinyago cha Eleuterio. "Akutambue."

"Mashetani mia mbili," Eleuterio akacheka, "bibi harusi mimi tu."

Nereida, dada yake na dereva wao, hakucheka. Mama yao alipokufa alimwachia kaka huyo tu, basi.

Saa 4:25.

Kilo tisa za kaharabu zilitua kiti cha nyuma cha gari la Nereida. Eleuterio akatokomea ngomani. Don Wenseslao akapiga simu.

"Afande, mwizi ni shetani mwenye kitambaa cheupe. Anaelekea kanisani. Ana bastola, msimpe nafasi." Akakata. "Twende mpakani. Wakihangaika naye, sisi tuko Guatemala."

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako ndiyo nauli. Endesha."

Akaendesha. Mgeni huyu hakujua kitu kimoja: mbele ya Karalampio haingii mtu aliyefunika uso. Mashetani huvua vinyago kwenye ngazi za kanisa na kuvirundika. Eleuterio angewahi kuvua chake? Polisi walikuwa na pikipiki.

"Mpakani ni kushoto, Nereida."

"Najua. Nimezaliwa hapa."

Saa 4:41.

Polisi walizunguka ngazi, bunduki mkononi, wakipekua rundo la vinyago. Kitambaa cheupe kilikuwa juu kabisa. Chini yake hapakuwa na kichwa.

Nereida aligongesha gari kwenye pikipiki za polisi, akatupa funguo nje ya dirisha ili Don Wenseslao asitoroke. Kaharabu ikamwagika sakafuni. Mlangoni mwa kanisa Eleuterio alisimama na mshumaa, uso wazi, jasho likimtiririka. Akapiga hatua kuja. Dada yake akatikisa kichwa. Kaka akarudi nyuma, akapotea kati ya maua.

Saa 11:00 jioni.

Nereida na Don Wenseslao waliketi benchi moja kituo cha polisi, pingu mikononi.

"Nimewapa jina la kaka yako," Don Wenseslao alisema.

"Umechelewa. Ameshavuka mpaka."

"Umenifunga, ukajifunga na wewe. Niombe radhi, mwanamke."

Nereida aliutazama ukuta.

"Siombi."